Droni Yako Imeona Nini? Mwongozo kwa Anayekuja Kupima Chai ya Sigowet

Kabla hujafungua sanduku lako jeusi, mwenye droni, tuelewane. Chai ya Sigowet, huku Kericho, ina wenyewe. Wanaichuna kila baada ya wiki moja au mbili, wanaijua kwa vidole, wanajua mstari upi hudumaa na kona ipi hupigwa na mvua ya mawe kila mwaka. Ukija kuwaambia habari za shamba lao kutoka angani, uje na jambo ambalo vidole haviwezi kulijua.

Jambo hilo lipo, na ni zuri kwelikweli. Kamera ya spektra huona infraredi ya karibu, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Jani lenye afya huumeza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na huirudisha infraredi kwa wingi. Jani linapokosa naitrojeni, linapokauka au linapougua, uwiano huo hubadilika, mara nyingine kabla jicho halijagundua lolote. Ndiyo maana nasema karibu. Lakini habari hiyo huharibika upesi mikononi mwa mzembe, na wazembe wenye droni ni wengi, wana miwani mizuri ya jua, na ramani zao zina rangi za kupendeza sana. Mwongozo huu ni wao. Una ukali kidogo kwa sababu mwisho wa picha hizo kuna mtu atakayetoa pesa zake kununua mbolea.

Kibao kwanza, propela baadaye

Mkulima wa Sigowet hahitaji mhadhara kuhusu usahihi wa vipimo. Amesimama mbele ya mizani ya kituo cha kununulia majani tangu utotoni, na anajua kwamba mizani isiyokaguliwa humla polepole, robo kilo leo, nusu kilo kesho. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya ya mizani na vipimo, Sura ya 513, humleta mkaguzi aipime mizani yenyewe kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, kisha aipige muhuri. Kamera yako ni mizani ya mwanga. Kwa hiyo mzee akikuuliza ni nani aliyeikagua, lini, na kwa jiwe gani, usimjibu kwa bei uliyoinunulia.

Jiwe la kamera ni kibao cha kijivu. Kimetengenezwa kirudishe sehemu inayojulikana ya mwanga unaokiangukia. Vibao vingi vinavyouzwa pamoja na kamera hizi hurudisha karibu nusu. Mtengenezaji amekipima mkanda kwa mkanda, yaani kwa kila sehemu ya rangi inayosomwa na kamera, na kuziandika thamani hizo dhidi ya nambari ya kibao chako. Unapokipiga picha kabla ya kuruka, programu hulinganisha nambari iliyotoka kwenye kamera na mwanga ambao kibao kinajulikana kuurudisha. Kuanzia hapo nambari za kamera huacha kuwa nambari za kamera tu, huwa sehemu halisi za mwanga wa jua. Siku nyingine, chini ya jua jingine, au kwa kamera nyingine, unaweza kuzilinganisha.

Hayo yote hutegemea kibao kitendewe haki, na wengi hukidhulumu. Kuna anayekilaza juu ya udongo wa barabarani. Vumbi letu jekundu humeza bluu na kijani kuliko linavyomeza infraredi, kwa hiyo kibao kichafu hupotosha kila mkanda kwa kiasi chake, na hakuna hesabu utakayoifanya ofisini ikaurudisha usafi huo. Kuna anayempa kijana akishike mkononi, na kijana amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachoonekana kutoka Kaplelartet. Mwanga wa kizibao humwagikia kibao, kamera hudhani jua limezidi wekundu, na shamba zima hupunguziwa wekundu kwa sababu ya nguo ya mtu mmoja. Kuna anayesimama akakifunika kwa kivuli chake mwenyewe, akapiga picha, akaridhika. Na kuna yule anayekiweka juu ya boneti ya gari kwenye mteremko: kibao kilichoinamia jua hupokea mwanga mwingi kuliko kilicholala sawa, kilicholipa jua mgongo hupokea kidogo, na Sigowet ni miteremko mitupu.

Basi fanya hivi. Kiweke kwenye meza ndogo au kigoda, mbali na gari na mabati. Kilaze sawa kwa pimamaji, ile ile ya fundi mwashi. Simama upande ambao kivuli chako hakikifikii, uvae nguo ya rangi iliyofifia, na msaidizi wako arudi nyuma hatua kadhaa. Piga picha kutoka juu, kisha itazame pale pale: ikiwa kibao kimeungua kwa weupe katika mkanda wowote, picha hiyo haina kazi, rudia. Fanya hivyo kabla ya kila mruko na baada ya kila mruko. Narudia: na baada. Jua la saa nne si jua la saa tano, na picha ya pili ndiyo itakayoonyesha kama katikati kulitokea badiliko. Usikiguse uso kwa vidole. Kifunike mara tu umalizapo, na ukipeleke kupimwa upya kwa wakati ambao mtengenezaji amesema, maana jua na mikono hukizeesha.

Ukiweza kupata vibao viwili vikubwa, kimoja cheusi na kingine chenye mwanga zaidi, viache chini kando ya shamba droni ivipitie. Hapo una nukta mbili zinazojulikana, na programu huchora mstari kati yake. Ni njia ya zamani, iliyotumiwa na watu wa setilaiti kabla droni hazijazaliwa, na bado haijapata mpinzani kwa uaminifu.

Anayedhani nabishania usafi wa kibao kwa ukaidi tu, apige hesabu hii. Kipimo maarufu, NDVI, hupatikana kwa kutoa wekundu kutoka infraredi, kisha kugawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme kichaka cha chai kinarudisha 0.45 ya infraredi na 0.05 ya mwekundu. Toa, upate 0.40, jumlisha, upate 0.50, gawanya, upate 0.80. Sasa kibao kimepotoshwa, na mwekundu umesomeka 0.08. Jibu linakuwa 0.70. Jani ni lile lile, halijaugua wala halijaona njaa. Lakini mtaalamu aliyeketi mbali anaona shamba lililoshuka kutoka 0.80 hadi 0.70, na anamshauri mama mwenye shamba aongeze mfuko wa kilo 50 wa NPK 26:5:5. Uchafu wa kibao umekuwa deni la mtu.

Usilete saa za Ulaya

Miongozo mingi utakayoisoma inasema ruka adhuhuri, jua likiwa juu kabisa. Kwa walioiandika ni ushauri wa busara. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri lina nyuzi 15 tu juu ya upeo, na vivuli ni virefu. Huko adhuhuri ndiyo nafuu iliyopo. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Machi na Septemba, jua la mchana husimama utosini. Kamera inayotazama chini huwa inatazama upande ule ule ambao jua linapiga, kwa hiyo mahali ambapo kivuli cha droni kingeangukia haioni kivuli chochote kati ya majani, na sehemu hiyo hung'aa kuliko nyingine. Doa hilo la mng'ao husafiri na droni, linaingia katikati ya kila picha, na programu ikiziunganisha picha inatapakaza mng'ao ambao hauhusiani na afya ya chai hata chembe. Anayekuja Sigowet na kanuni ya adhuhuri amekuja na dawa ya ugonjwa wa nchi nyingine.

Tena hata adhuhuri yenyewe huijui. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko karibu na nyuzi 35. Kila nyuzi moja ni dakika nne. Jua letu hufika kileleni karibu saa sita na dakika 40, likitangulia au kuchelewa kwa kama robo saa kulingana na mwezi. Lipangie jua kwa saa yake, usilipangie kwa saa ya mkononi.

Ushauri wangu, kwa kamera zenye upana wa kawaida, ni kuruka kati ya saa nne kasoro robo na saa tano kasoro robo asubuhi. Jua wakati huo liko takriban nyuzi 45 hadi 60 juu ya upeo: juu ya kutosha kwamba vivuli kati ya mistari si virefu, chini ya kutosha kwamba doa la mng'ao linabaki nje ya picha. Umande umekwisha kukauka, na hilo ni kubwa, kwa kuwa jani lililolowa hung'aa kivyake na kudanganya mikanda yote. Saa moja ni fupi, utasema. Ni fupi kwa shamba kubwa la kampuni. Kwa ekari chache za mkulima wa hapa inatosha na kubaki.

Mchana usiuguse. Alasiri upepo wa Ziwa Viktoria hupanda kutoka Soin, hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima, na mawingu hurundikana. Ukanda huu wa Kericho hadi Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na droni yako haina kofia. Lakini hata kabla mawe hayajashuka, kiwingu kimoja kinachopita kinatosha kuharibu kazi. Kibao ulikipiga picha juani, nusu ya shamba ukaipiga kivulini. Wengine hujifariji kwamba NDVI ni uwiano, kwa hiyo mwanga ukipungua kote mambo hubaki sawa. Yangebaki sawa kama wingu lingepunguza kila rangi kwa kiasi kimoja. Halifanyi hivyo, mwanga unaotoka angani kote na mwanga unaotoka juani moja kwa moja hutofautiana kwa rangi na kwa jinsi unavyopenya kati ya majani. Kihisi cha mwanga kinachofungwa juu ya droni husaidia, na ukiwa nacho kitumie, ila nacho huyumba droni inapoinama upepo ukiipiga, kwa hiyo hakiondoi haja ya kibao. Siku ya mawingu mepesi yaliyotanda sawasawa inaweza kuwa njema. Siku ya mawingu yanayokimbia, kunywa chai, zungumza na watu, urudi kesho.

Mwekundu wa nani?

Watu hudhani kamera zote zikiandikwa “nyekundu” zinatazama rangi moja. Hazitazami. Phantom 4 Multispectral ya DJI ina mkanda mwekundu wenye kitovu kwenye nanomita 650. Parrot Sequoia iko 660. RedEdge ya MicaSense iko 668. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2, ambayo tangu 2015 imekuwa ikitupa picha za bure za mashamba haya haya, iko 665. Kwenye ukingo mwekundu, pale mwanga unaorudishwa na jani unapopanda kwa ghafla kutoka wekundu kuelekea infraredi, hali ni mbaya zaidi: RedEdge husoma 717, DJI husoma 730, Sequoia husoma 735. Mteremko hapo ni mkali kiasi kwamba nanomita 10 zinabadilisha jibu waziwazi.

Na ukingo mwekundu ndio unaoifaa chai. Chai iliyotunzwa hufunika ardhi yote. Meza ya kuchunia, yaani uso wa juu wa vichaka, ni zulia lisilo na mwanya. Hapo NDVI hupanda hadi karibu na kilele chake na kukwama, kichaka kizuri na kichaka kizuri zaidi vikasomeka sawa. Kipimo cha ukingo mwekundu, NDRE, huendelea kutofautisha pale NDVI iliposhindwa. Kwa hiyo yule aliyepima mwaka jana kwa kamera moja na mwaka huu kwa nyingine, akatoa tofauti, akaiita maendeleo ya shamba, amepima maendeleo ya duka la kamera. Andika jina la kamera, nambari yake, toleo la programu iliyomo ndani, kitovu na upana wa kila mkanda. Usipoandika, nambari zako ni yatima.

Hapa pia niseme neno kuhusu rangi za ramani, kwa sababu limenikera muda mrefu. Programu nyingi, zikiachwa zijiamulie, huchukua thamani ya chini kabisa shambani na kuipaka nyekundu, ya juu kabisa na kuipaka kijani. Shamba likiwa zuri lote kutoka 0.82 hadi 0.88, bado kona moja itawaka nyekundu, na mwenye shamba atakosa usingizi. Shamba likiwa baya lote, bado kona moja itakuwa kijani kibichi. Ukimwonyesha mkulima ramani ya aina hiyo bila kipimo pembeni, umemtisha au umemdanganya. Weka kiwango kimoja cha rangi kwa mashamba yote na kwa miezi yote, na uandike thamani zake kwenye ramani yenyewe.

Mlima haukusubiri

Kanuni za Kenya za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, zinataka droni isajiliwe, mfanyabiashara awe na cheti cha uendeshaji, na urefu usizidi futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Kumbuka: kutoka ardhini. Ukipaa kutoka kilimani kwa mita 100 na kuelekea bondeni bila kuiambia droni ifuate sura ya ardhi, utajikuta uko mita 160 au 180 juu ya chai. Umevunja sheria, na umeharibu kipimo. Kwa kamera ya RedEdge, mita 120 hukupa nukta ya picha ya sentimita 8 ardhini. Ukizidi hapo, kila nukta inachanganya kichaka, kijia na kivuli kwa viwango tofauti kutoka juu hadi chini ya shamba. Weka ramani ya miinuko kwenye mpango wa mruko. Picha zipishane angalau robo tatu mbele na pembeni, kwa kuwa zulia la chai linafanana kila mahali na programu hukosa alama za kushikilia.

Mali bila daftari

Wahenga walimaliza kazi waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayopotea upesi kama picha za droni. Nunua kaunta buku. Ndiyo, la karatasi. Betri ya simu hufa, kalamu haifi. Ukurasa mmoja kwa mruko mmoja, ujazwe ukiwa bado shambani.

Anza na saa, maana hapo ndipo tunapoumbuana. Ukiandika “saa 4”, mwenzako wa ofisini anayehesabu kwa Kizungu atasoma saa kumi alfajiri, wakati droni haioni hata pua yake. Kamera nayo huenda inaandika saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mruko mmoja unaweza kuwa na saa tatu tofauti, zote za kweli. Kubalianeni: daftarini andika saa za tarakimu 24, uandike EAT, saa za Afrika Mashariki, pembeni, na tarehe ianze na mwaka. Jina la folda liwe kama 2026-02-11_Sigowet_shamba03_mruko1. “Chai mpya kabisa ya mwisho 2” si jina, ni kilio.

Kisha mahali. Katika UTM, mfumo unaoigawa ramani ya dunia kwa kanda, Sigowet iko kanda ya 36 kusini. Nakuru na Nairobi ziko kanda ya 37. Mpimaji anayekuja na mradi uliotayarishwa Nairobi, akasahau kubadilisha kanda, hulisukuma shamba la watu nje ya kaunti. Na ukichukua mipaka kutoka ramani za zamani za serikali, fahamu kuwa nyingi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, si WGS84 wa GPS yako. Ukizilazanisha bila kubadilisha, mambo husogea karibu mita 300. Mita 300 hapa ni mashamba kadhaa. Utampelekea jirani majibu ya jirani.

Baada ya hapo andika anga lilivyokuwa, upepo, nambari ya kibao na thamani zake kwa kila mkanda, urefu wa mruko, kiasi cha kupishana, jina la aliyerusha, programu iliyochakata picha na toleo lake. Hayo yanajieleza.

Sehemu ambayo wenye droni huiruka, na ambayo kwangu ndiyo moyo wa daftari, ni maswali ya kumuuliza mwenye shamba. Huwezi kuyajibu kutoka angani hata kwa kamera ya bei gani. Mwamkie kwanza, “Chamgei, mama,” umsikilize, halafu umuulize. Chai hii ilichunwa lini mara ya mwisho? Shamba lililochunwa jana limeondolewa majani mawili na chipukizi, yale machanga yenye rangi nyepesi, na meza yake husomeka tofauti na shamba linalongoja kuchunwa kesho. Tofauti hiyo inaweza kuizidi ile ya mbolea uliyokuja kuitafuta. Ilipogolewa mwaka gani? Kichaka kilichopogolewa miezi michache iliyopita ni matawi na udongo, na ramani yako italia msiba mahali ambapo mkulima amefanya kazi yake vizuri. Ni mmea wa aina gani? TRFK 6/8, ambao wakulima wengi wadogo waliupanda, hauna rangi ya jani sawa na TRFK 306, chai ya zambarau. Ukiiweka miwili hiyo kwenye kiwango kimoja bila kusema, utaiandikia ya zambarau ugonjwa. Mbolea iliwekwa lini, kiasi gani? Mvua ya mawe ilipiga lini?

Chukua pia majani yenyewe. Chagua vichaka kadhaa, chukua alama zake kwa GPS, peleka majani maabara yakapimwe naitrojeni. Bila hayo, rangi zako zinalinganishwa na rangi zako zenyewe.

Picha ghafi usizifute, hata kama diski imejaa. Ramani iliyokwisha kutengenezwa haiwezi kurudishwa kuwa picha. Picha ghafi, pamoja na zile za kibao, zinaweza kutengeneza ramani bora mwaka ambao mbinu bora imepatikana. Na tafadhali, tafadhali, usizitume kwa WhatsApp kama picha za harusi. Hukandamizwa, na maelezo yote yaliyoambatana nazo, saa, mahali, muda wa kufunguka kwa lenzi, huondolewa. Anayezipokea anapokea mapambo.

Nani ashike kiwango?

Kila mtu akijitungia utaratibu wake, hata akiwa mwadilifu, tutakuwa na data nyingi safi zisizosemezana. Tunahitaji fomu moja, na kwa bahati nzuri wa kuikubali wako karibu. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya KALRO iko Kericho na imerithi kazi ya utafiti wa chai ya miongo mingi. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapo jirani, kimejaa vijana wanaoweza kujifunza kupima kibao kwa wiki moja. Viwanda vya wakulima vinavyosimamiwa na KTDA vina orodha za mashamba na maafisa wa ugani wanaojulikana kwa majina. Shirika la Viwango, KEBS, ni mlinzi wa vipimo vya taifa tangu 1974. RCMRD, kituo cha kanda cha ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, kina uzoefu wa kuhifadhi picha za nchi nyingi. Zanzibar ilionyesha kuanzia 2016, katika mradi wa kuchora visiwa vyote kwa droni, kwamba vijana wa chuo cha nyumbani wanaweza kurusha wenyewe na picha zikawekwa wazi kwa utaratibu unaoeleweka. Zile zilikuwa picha za kawaida, si za spektra, lakini nidhamu ni ile ile.

Pendekezo langu ni dogo na la bei nafuu. Kila kiwanda kimwage mabamba matatu ya saruji uani, moja jeusi, moja la kijivu, moja jeupe, yenye ukubwa wa mita mbili kwa mbili, yapakwe rangi isiyong'aa na yapimwe kila mwaka kwa kifaa cha maabara. Kila droni inayofanya kazi eneo hilo iyapitie asubuhi kabla ya kwenda shambani. Kamera ikianza kuzeeka, au lenzi ikiwa na ukungu, itajulikana pale pale, na picha za watu tofauti zitakuwa na jambo moja zililoliona zote.

Na mkulima asiachwe mlangoni. Picha ya shamba ikishaunganishwa na nambari yake ya mkulima ni taarifa binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kujua nani anayo na kwa kazi gani. Mweleze kabla ya kupaa, kwa lugha anayoisikia, Kipsigis au Kiswahili. Waeleze na wachunaji waliomo shambani, ambao hawana sababu yoyote ya kufurahia kitu kinachovuma juu ya vichwa vyao. Akikataa, funga sanduku.

Fomu iwe ukurasa mmoja, ipigwe chapa kwa nakala mbili: moja ya mwenye droni, moja ya mwenye shamba. Juu kabisa, kabla ya jina la kamera, pawe na mistari mitatu: kibao kilipimwa lini, picha zake za kabla na za baada ziko wapi, na chai ilichunwa tarehe ngapi. Mistari hiyo ikiwa mitupu, kiwanda kisipokee ramani, mtaalamu asitoe ushauri wa mbolea, na mwenye droni arudi kesho saa nne kasoro robo.